Kishungi cha Ita Mulvey

Nitakayosimulia hapa hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwa karibu huwa naamka asubuhi nikajiuliza kama sikuyatunga. Na mimi ni mtunzi hodari. Hapa Kilvarna, kaunti ya Roscommon, katikati kabisa ya Ireland, hajazaliwa mtu wa kumzidi Mossie Tarpey kwa maneno. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, mwalimu akalia, na tangu siku hiyo nimefanya kazi ya kuchuuza ng'ombe na punda. Nilimuuzia padri wetu punda kiziwi, akafa padri, nikamuuzia aliyemfuata punda yuleyule. Lakini ya leo si ya punda.

Ya leo ni ya mpwa wangu, Concepta Beirne, mwenye saluni pale mkabala na duka la chai. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chake cha pili, kile chini ya draya bovu, na yeye yuko nyuma yangu na ufagio. Amenikubalia kwa sharti moja.

"Andika, Mjomba, lakini usitie chumvi. Hii haihitaji."

"Lini mimi nimetia chumvi?"

"Ulisema mazishi ya Padri Lally yalikuwa na watu elfu nne. Kanisa lenyewe linaingiza watu mia mbili."

"Wengine walisimama nje."

"Andika."

Haya.

Concepta si wa damu yetu, ingawa ukiisema hiyo mbele yangu nitakurushia kikombe. Dada yangu Philomena na mumewe Jarlath hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1964 waliazima gari, wakaenda kwenye nyumba moja ya masista, wakarudi na kitoto kimefungwa ndani ya blanketi jeupe. Enzi hizo msichana akipata mimba bila ndoa alifichwa huko mpaka ajifungue, mtoto akapewa wenye pete kidoleni, na msichana akarudi kwao aseme alikuwa Dublin anafanya kazi. Jina lake likafungiwa. Mtoto hata akizeeka akatembelea mkongojo, hakuruhusiwa kuliona. Na sisi tulikuwa tunakwenda misa kila Jumapili, tunarudi tunakula nyama ya kuchoma, wala hatukuona ajabu yoyote.

Alipokuwa na miaka saba, mtoto mwenzake shuleni alimropokea. Concepta akanifuata mnadani, katikati ya ng'ombe, amevaa viatu vya shule.

"Mjomba, mimi nilitoka wapi?"

"Tulikununua hapa hapa," nikamwambia. "Wewe na ndama wawili kwa bei ya jumla. Ndama walituletea faida."

Alicheka hadi akakaa chini. Philomena alipoisikia hakucheka, na hakunisemesha mpaka Pasaka.

Dada yangu alikuwa mama mwema kuliko mama wengi waliozaa, ila jambo lile hakuliweza. Ukiligusa tu, alinyanyuka akaanza kuosha vikombe vilivyo safi. Basi Concepta akaacha kuligusa. Alijifunza kazi ya nywele, akafungua saluni, gazeti la kaunti likampiga picha mlangoni na mkasi mkononi. Hakuolewa, si kwamba alikosa wa kumtaka. Mmoja nilimtafutia mimi mwenyewe, mtu safi, ana shamba la ekari arobaini.

"Na meno manne," anasema huko nyuma. Anasoma juu ya bega langu, huyu.

Kichwani ana kishungi. Niwaeleze vizuri, maana hadithi yote imesimama hapo. Juu ya paji la uso, upande wa kushoto, nywele zake zinaota kinyume na nyingine na kusimama kama manyoya ya bata aliyetoka majini. Kila asubuhi anakilowesha, anakibana, anakipulizia dawa, na ikifika saa nne kimesimama tena. Mtu anayetengeneza vichwa vya kaunti nzima, cha kwake kimemshinda. Nikamtania miaka yote: kishungi hicho umekitoa wapi, Malkia wa Rola? Naye akawa ananijibu, "Mnadani."

Usiku wa Krismasi mmoja tu, akiwa amekunywa sheri kidogo, ndipo aliponiambia ukweli wake. "Sitaki mama mwingine, Mjomba. Philomena ananitosha. Nataka kujua kitu kimoja tu. Yule aliyenizaa aliwahi kunikumbuka, au alipotoka pale mlangoni alishukuru Mungu kuwa yameisha?"

Nikamwongezea sheri.

Sasa, kwetu mtu akifa analala nyumbani kwake ndani ya jeneza lililo wazi, na majirani wote wanapita kumuaga. Kwa hiyo mwanamke lazima awe amepambwa nywele, na anayezipamba huwa ni yule aliyezitengeneza akiwa hai. Concepta anakwenda kabla watu hawajaanza kuja. Haendeshi gari, kwa hiyo dereva wake ni mimi. Nafanya kwa mapenzi tu, na kwa sandwichi za hemu, ambazo kwenye nyumba za msiba huwa nzuri kuliko za harusi.

Mwezi wa pili mwaka 2022 simu ikalia saluni. Mwanamume mmoja anaitwa Fintan Cregg, kutoka Drumgarve, mwendo wa saa nzima kutoka hapa. Mama yake amefariki.

"Pole sana kwa msiba," Concepta akamwambia. "Lakini simjui mama yako. Huko Drumgarve mna Noreen, saluni yake ipo pale pale kijijini."

"Najua, dada. Noreen amenuna tayari. Lakini mama aliacha neno. Alisema nywele zake zitengenezwe na Concepta Beirne wa Kilvarna, na asiguse mtu mwingine."

Mpwa wangu alivimba kichwa siku ile, hilo asikatae. Njiani alikuwa ananiambia, "Unaona, Mjomba? Sifa zimefika Drumgarve." Na mimi nikamwambia kwamba pengine marehemu alikuwa na deni kwa Noreen.

Nilimbebea mkoba mpaka mlango wa chumba. Kioo kikubwa cha kabati kilikuwa kimefunikwa shuka, kama ilivyo desturi maiti akiwa ndani. Concepta hapendi kufanya kazi bila kioo. Mtu wa nywele hamtazami mteja usoni, anamtazama kwenye kioo, vichwa viwili kwa pamoja, chake na cha mteja. Lakini shuka la msiba haliondolewi. Akafanya kazi kwa kuinama.

Aliporudi garini alikuwa ananukia dawa ya nywele na mishumaa.

"Vipi marehemu?" nikauliza.

"Mzuri. Nywele nyeupe, nyingi, laini. Ila ana kishungi mbele, Mjomba, kama changu. Kibishi hicho. Nimekipunguza kidogo kwa mkasi na kukilaza na maji ya sukari. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimekishinda."

"Angalau mmoja amekutii," nikasema.

Tukacheka. Nikawasha gari. Hayo ndiyo maongezi yetu, neno kwa neno, na ningetoa ng'ombe wangu wote niyarudishe mdomoni.

Mwezi wa kumi mwaka huo, sheria mpya ikaanza. Watu waliopewa wazazi wengine utotoni wanaweza sasa kuomba cheti chao cha kuzaliwa cha kwanza, kile chenye jina la mama. Philomena alikuwa ameshazikwa miaka mitatu, hapakuwa tena na vikombe vya kuosha. Concepta akaomba siku ya kwanza kabisa, kisha akajifanya amesahau, ila kila mtu wa posta akipita mkasi wake uliteleza, na wateja wawili walitoka hapa na masikio ya kujishika.

Ilipofika bahasha nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Akaifungua, miwani yake ikajaa ukungu, akanipa.

"Soma wewe."

Nikasoma. "Mtoto wa kike. Jina, Rosaleen."

"Rosaleen," akasema kwenye kioo, polepole, kama anayejaribu kofia dukani. "Alinipa jina, Mjomba. Kumbe alinipa jina. Endelea."

Nikatazama mstari wa mama. Na hapo lazima niwaeleze kitu kuhusu mimi. Redio yetu ya kaunti, baada ya taarifa ya habari ya asubuhi, inasoma majina ya waliokufa: jina, kijiji, jina la mwanamke kabla hajaolewa, maiti yuko wapi, mazishi lini. Watu wengine wanasikiliza mpira. Mimi nasikiliza marehemu, na sisahau hata mmoja. Nikiwa nimeshika karatasi ile nikasikia sauti ya yule dada wa redio vizuri kabisa: Ita Cregg, aliyezaliwa Mulvey, wa Drumgarve.

"Mjomba?"

Cheti kilisema Ita Mulvey, Drumgarve.

"Mjomba Mossie, mbona umenyamaza? Wewe hujawahi kunyamaza. Soma."

"Kaa chini, binti yangu."

"Nimesimama hapa miaka thelathini. Sikai. Soma."

Nikamsomea. Jina halikumwambia kitu, maana kwenye msiba ule aliambiwa Bi. Cregg tu. Alianza hata kutabasamu. "Drumgarve. Si ni kule kule tulikokwenda? Basi pengine yule Fintan atakuwa anawajua hao kina Mulvey. Nitampigia..."

"Concepta," nikasema. "Ulimchana."

Hakuelewa. Nikalazimika kuisema yote, jina kwa jina, kama redio. Alinitazama kupitia kioo, si uso kwa uso. Kisha mkono wake ukapanda peke yake, ukashika kishungi, ukabaki pale.

Mteja alikuwa chini ya draya zima, Bi. Gormley, rola kichwani, hasikii kitu. Alikuwa akitutikisia kichwa kwa heshima, akidhani tunaongea mambo ya hali ya hewa.

Jumapili tulikwenda Drumgarve. Fintan alitupokea uani, hakutuingiza ndani, na kabla Concepta hajatoa karatasi kwenye mkoba nikaona macho ya yule mwanamume yameganda juu ya paji lake. Siku ile Concepta hakuwa amekilowesha kishungi.

"Yesu na Maria," akasema Fintan. Akavua kofia yake.

Akasoma cheti mara mbili. Ni mtu mwema, nasema hivyo bila kinyongo. Alilia kabla ya Concepta. Kisha akaanza kutoa kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kinamchoma mpwa wangu, na hakuna kati yao aliyeweza kuacha.

"Mama alikuwa na shangazi aliyempikia padri wa huko kwenu. Huyo ndiye atakuwa alimwambia mtoto yuko wapi. Ulipofungua saluni, picha yako ilitoka gazetini. Mama akaitazama, akacheka, akasema, huyu ana kishungi changu. Tulidhani ni utani."

"Na baada ya hapo?" akauliza Concepta.

"Baada ya hapo ikawa kila Alhamisi anapanda basi kwenda Kilvarna. Tulimuuliza unakwenda kufanya nini? Anasema, kunywa chai." Fintan akajipangusa pua na mkono. "Na chai tulikuwa nayo nyumbani."

Duka la chai, nimesema, liko mkabala na saluni. Kuna meza moja dirishani.

Concepta akasema, "Koti la kijani."

"Ndiyo. Alikuwa na koti la kijani."

"Aliingia siku moja. Ilikuwa wiki ya Komunyo ya Kwanza, vitoto vimejaa mpaka mlangoni, kila mmoja na mama yake. Akasimama pale, akauliza kama ninaweza kumseti nywele. Nikamwambia sina nafasi, aje wiki nyingine. Akasema haidhuru, atarudi." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Sikumtazama hata. Nilimwambia nikiwa natazama kioo."

Mimi, Mossie Tarpey, nikaanza kuhesabu kuku wa uani.

Kisha Concepta akauliza, "Kwa nini hakuniambia? Angeniambia tu. Nisingemdai chochote."

Fintan akageuka akatazama dirisha la jikoni. Mle ndani mzee Packie, baba yake, miaka tisini kasoro, alikuwa amekaa karibu na moto na paka mapajani.

"Baba hajui," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuwahi kuambiwa. Mama aliogopa mpaka kufa kwake. Na moyo wa mzee ni mbovu, daktari amesema asishtuliwe. Dada... naomba. Ngoja kidogo. Akishaondoka, mlango huu ni wako."

"Sawa," akasema Concepta. "Nimezoea kungoja watu wafe."

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniuma zaidi.

Tulikuwa tunarudi garini aliposimama ghafla katikati ya ua. Kuku walikuwa wanaparura pale miguuni mwake. Nikamwambia twende, mvua inakuja.

"Hapa," akasema.

"Hapa nini?"

"Siku ile, nilipompunguza kile kishungi, nywele ziliangukia kwenye taulo. Nilitoka na taulo nikalikung'uta hapa. Kama ninavyolikung'uta siku zote." Alikuwa anatazama chini kama mtu aliyeangusha pete. "Nilimkung'uta mbele ya kuku, Mjomba."

Akainama. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, na koti lake la misa, akaanza kupekua matope kwa vidole. Miezi minane ilikuwa imepita, mvua ya Roscommon juu yake. Nikamwambia hakuna kitu, binti yangu, hakuna kitu hapo. Alijua hakuna kitu. Aliendelea kupekua. Mwishowe Fintan akaja naye akapiga magoti upande wa pili, hakuuliza kinachotafutwa, akawa anapekua tu, na mzee Packie akagonga dirisha kutoka ndani kuuliza kama wamepoteza ufunguo.

"Ndiyo, baba," Fintan akajibu kwa nguvu. "Ufunguo."

Tulipokaribia Kilvarna Concepta alikuwa bado anachokoa matope kwenye kucha.

"Bora angenisahau," akasema. "Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimelipangia hata machozi yake. Lakini kukumbukwa kila Alhamisi, kwa umbali wa barabara moja..." Hakumaliza. "Alikuwa anajua nitamgusa. Alipanga nimguse wakati hawezi tena kuniogopa."

"Huo ni upendo, binti yangu."

"Labda. Au uoga. Mimi sijui kutofautisha, na wa kuniambia nimeshampamba."

Basi ndivyo anavyoishi sasa. Saluni inafunguliwa saa tatu. Alhamisi hafanyi kazi mchana. Anavuka barabara, anakaa kwenye ile meza ya dirishani na kikombe kimoja, anatazama saluni yake mwenyewe imefungwa. Mwenye duka hamsemeshi. Kishungi hakiloweshi tena, kinasimama kutwa nzima, na wateja wapya wanadhani ni mtindo. Mzee Packie yu mzima wa afya, anakula mayai mawili kila asubuhi. Kila nikirudi kutoka mnadani Concepta ananiuliza habari zake, na sijui ananiuliza kwa kumtakia nini, naye hajui.

Lakini nisiwaache hivyo, si tabia yangu. Kuna kitu kimoja kwenye siku ile ya kumpamba ambacho sijawaambia, na ndicho kinachonifanya nilale. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba. Alipomaliza kukilaza kile kishungi, mpwa wangu aliweka chanuo chini, akainama juu ya yule mama asiyemjua, akambusu hapa, juu ya paji la uso, kama anayejua bila kuambiwa. Na haki ya Mungu, niliona kwa macho haya mawili, midomo ya marehemu ili—

"Mjomba, futa hiyo."

"Nini tena?"

"Ulikuwa jikoni. Ulikuwa na sandwichi mkononi kabla sijafungua mkoba." Ufagio umesimama. "Na sikumbusu. Nilimchana tu."